Baba Amejiunga na Darasa Langu

Mpendwa mdogo wangu Ombeni,

Najua ukiona barua ndefu hivi utaruka mpaka mwisho kutafuta nani amefariki. Hakuna aliyefariki. Soma polepole, kama unavyopiga randa mbao zako huko Mbeya, maana nililoliona Jumamosi halitoshi kwenye ujumbe wa simu, na kwa video mtandao ungetukatia utamu katikati. Nimeiacha wazi wasome na wengine, kwa sababu nyumba yenye Ombeni wake asiyesikia si ya kwetu peke yetu.

Unaikumbuka siku ya kuondoka baada ya Krismasi. Nyumbani Nkoaranga hakuna mtoto anayeshuka mlima bila kubarikiwa. Tunapanga mstari sebuleni, mkubwa hadi mdogo, kila mmoja anainamisha kichwa, baba anaweka mkono juu yake na kusema naye. Na baba akishaanza kusema, ukae chini: ataanza na babu, apite kwenye kahawa na migomba, ndipo afike kwako na safari yako. Mimi kila mwaka naapa sitalia, na kila mwaka nalia. Ikifika zamu yako unainama kama sisi, macho sakafuni, na maneno yote yanapita juu ya kichwa chako. Ukiinuka unaniangalia mimi. Mara ya mwisho nilikuonyesha kwa mikono: "Baba anakutakia heri." Ukaniuliza, muda wote huo, maneno matatu tu? Nilicheka. Wewe hukucheka.

Tangu hapo hujarudi nyumbani. Kila nikikuuliza unajibu vilevile, kwamba uje kufanya nini, kukaa mezani uangalie midomo ya watu. Baba naye kila akinipigia simu huanza na "Mwambie Ombeni". Mwambie mvua imenyesha, mwambie ng'ombe amezaa. Tangu utoto wetu aliamini kwamba ukipaza sauti ya kutosha mtoto atasikia tu, akawa anakuita kutoka kwenye migomba mpaka majirani wanaitika. Tuliwahi kucheka sana mimi na wewe, nikikuigizia mdomo wake ulivyokuwa unafunguka. Lakini kicheko hicho kilikuwa cha watoto, na wewe sasa ni mtu mzima unayekula sikukuu peke yako karakanani.

Basi, kama nilivyokuambia, nimefungua kozi ya lugha ya alama kwa njia ya mtandao, kwa wazazi na ndugu wa viziwi. Jumamosi ilikuwa siku ya kuwakaribisha wanafunzi. Nilikaa chumbani kwangu hapa Elerai, Arusha, nimevaa blauzi nyeusi ili mikono ionekane vizuri, kompyuta nimeiweka juu ya ndoo ya unga. Wakaingia mmoja mmoja: muuguzi wa Songea, bibi wa Tanga, mtu na mkewe wanaouza nyanya sokoni Tengeru. Majina nayaona, nyuso sizioni. Wote wamezima kamera, wanaogopa bando litaisha. Nikasalimu kwa mikono, nikawakaribisha kwa mikono, bila kutoa sauti. Maandishi yakaanza kumiminika: Mwalimu hatukusikii. Mwalimu, washa kipaza sauti. Mmoja akawatuliza wenzake, akaandika kwamba huenda Arusha umeme umekatika. Ningecheka, ila hofu ilikuwa imenishika, nikaona nimeanzisha kozi ya kufundisha ukuta. Nikawaandikia: "Sauti ninayo, hapa haitumiki. Washeni kamera."

Ombeni, sijui nikuelezeje. Vidirisha vilianza kufunguka kimoja kimoja, halafu vingi kwa mpigo, kama kahawa inavyochanua baada ya mvua, jana hakuna kitu na leo shamba zima ni jeupe. Nyuso za watu nisiowajua kabisa. Niliinua mikono, nao wakainua yao. Nimetafsiri makanisani na mahakamani miaka mingi, siku zote nikiwa mimi peke yangu mwenye mikono hewani. Sikuwahi kuona watu wanaosikia wakinyamaza kwa hiari yao, wote kwa pamoja, kwa ajili ya mtu ambaye hata hayupo pale.

Kidirisha kimoja kilionyesha dari tu. Jina lilisomeka Mama Neema, jirani yetu wa nyumbani. Ile dari nikaijua, ni ya sebule yetu. Simu ikayumba, ikaegemezwa kwenye chupa ya chai, akatokea baba, amevaa koti lake la ibada. Alikuwa ameazima simu na hakuwa ameniambia neno. Nikasahau darasa, nikatamka kwa sauti, shikamoo baba. Akaitikia marahaba, kisha akasema yeye pale ni mwanafunzi kama wengine, niendelee na kipindi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika kwa vidole jina la mtu aliyekufanya ujiunge. Zamu ya baba ilipofika, O aliiweza. M ikamshinda. Vidole vilivyozoea jembe na kupogolea kahawa havikunjiki kirahisi. Akawa anavikunja kwa mkono wa pili, kimoja kimoja, kama anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Akakosea, akarudia tangu mwanzo. Hakuna aliyeondoka. Alipomaliza I, vidirisha vyote vikajaa mikono inayotikiswa hewani, yale makofi yenu ambayo nilikuwa nimetoka tu kuwafundisha. Baba aligeukia pembeni, akajifuta macho kwa mkono wa koti. Mimi nilishindwa hata kujifuta.

Kipindi kilipokwisha wenzake walitoka, yeye akabaki. Akaniuliza mtu anabarikiwaje kwa lugha hii. Nikamwonyesha. Akajaribu, halafu akanyoosha mkono mmoja mbele, kana kwamba kichwa chako kiko pale, akakwama. Nikamwambia, baba, mikono yote miwili inahitajika, huwezi kumshika kichwa na hapo hapo ukasema naye. Akaushusha mkono. Ni mzee wa kanisa, na hivyo ndivyo alivyobarikiwa na baba yake, na baba yake naye na babu yake.

"Basi asiiname," akasema. "Asimame aniangalie."

Tangu siku hiyo nafanya kazi zangu huku nashangaa. Mama Neema ananiambia baba anajizoeza akienda kukata majani ya ng'ombe, na wapita njia wanadhani anafukuza nyuki. Bado hajui mengi. Atakosea, na huenda akakubariki wewe na migomba kwa pamoja. Lakini Krismasi hii ukija, sitasimama katikati yenu. Nitakuwa kwenye mstari na wengine nikisubiri zamu yangu, na sitatafsiri neno hata moja.

Njoo, mdogo wangu. Tunakungoja.

Dada yako,
mwalimu wa baba