Ua Lililonuka Shambani Kwetu

Bunia, tarehe 11 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Willy,

Yaya yako Agathe, dada yako mkubwa, anakusalimu sana. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, weye na Ornella na watoto, na kwamba ile baridi ya Edmonton imewaachia kidogo. Mgongo unaendeleaje? Ulisema utaenda kwa daktari, nami nakujua, hujaenda. Siye huku tunapumua. Malaria ilinilaza wiki moja, nikainuka. Mama anatembea vizuri, na habari zake ndizo zimenifanya nitafute kalamu.

Usishangae kuona barua wakati simu iko. Nikipiga simu Mama anakaa pembeni na kusikiliza kila neno. Miwani yake ilivunjika, basi karatasi ndiyo siri pekee niliyobaki nayo humu nyumbani. Bénédicte wa kwaya anasafiri Kampala, ataituma kutoka kule. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kunipigia.

Unakumbuka picha uliyotutumia mwaka jana, ya lile ua refu kuliko mtu, ndani ya nyumba ya vioo? Ulisema linatoka kisiwa cha Sumatra, linakaa miaka mingi bila kuchanua, kisha linafunguka siku mbili tu na kunuka mzoga. Watu wamepanga mstari, watoto mabegani, wanangoja zamu ya kunusa. Ukaongeza kwamba kuna jingine huko Asia, halina jani wala shina, limekaa chini msituni, pana kama gurudumu la pikipiki. Tulicheka mpaka Mama akajifuta machozi. Nikakujibu kwamba watu wa huko wamekosa shida. Sikujua kwamba hata siye tunalo la ukoo huo, chini ya udongo wetu wenyewe.

Mwezi wa tatu barabara ya Komanda ilitulia kidogo, risasi zikapungua, Mama akasema turudi shambani. Miaka miwili lilikuwa kichaka, tangu siku ile kaka yako mkubwa, Osée wetu, alipopakia abiria kwenye pikipiki na kuelekea Komanda, asifike, asirudi. Watu wa mwisho kumwona walimwona akipita hapo hapo, mbele ya shamba letu. Unajua Mama alivyokataa matanga. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona amelala. Kila jioni alimwekea Osée sahani yake, akaifunika, na asubuhi mimi ndiye niliyekuwa nikiimwaga.

Siku ya tatu ya kulima mvua ya kwanza ikanyesha. Kesho yake harufu ilitupokea tukiwa bado barabarani. Kavira, mwenye shamba la jirani, alikuwa amesimama na kitenge puani. Alimtazama Mama tu. Nami nisikufiche, Willy, nilimfikiria Osée. Huku kwetu harufu ile tunaijua, na hakuna anayepanga mstari kuinusa.

Tuliifuata mpaka nyuma ya kichuguu. Hapo, kwenye udongo mtupu, kulikuwa na ua limesimama peke yake bila jani hata moja, linanifika kiunoni, rangi ya ini lililokaa juani. Katikati limetoa kitu kirefu kama pembe ya ng'ombe, na nzi wamelijaa. Mama alipiga magoti. Alianza kusema na udongo kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwamsha mtoto kwenda masomo.

Chifu wa pale akaja na wanaume wenye majembe, na Mwalimu Hubert, yule wa biolojia. Hubert alieleza vizuri sana. Alisema ni mmea tu, ndugu ya lile la picha yako, unatoka mvua ikianza na unanuka ili kuita nzi. Akaongeza polepole kwamba mtu aliyekufa miaka miwili hatoi tena harufu. Wote tulielewa, isipokuwa yule aliyetakiwa kuelewa. Chifu akasema wachimbe hata hivyo, yasije kubaki maneno.

Walichimba mpaka kifuani. Hakukuwa na mfupa, wala kiatu, wala chuma cha pikipiki. Kulikuwa na kiazi cha ua lile, kikubwa kama sufuria ya bugali ya watu sita, chenye vimizizi juu kama nywele. Mmoja alitaka kukitupa. Mama alikichukua mikononi mwake, akakifunga katika kitenge, akasema: "Kama hamuwezi kunipa mutoto wangu, munipe hiki. Tutazika hiki."

Sasa sikiliza, hapa ndipo kosa langu. Mchungaji alikataa. Baba mdogo Eugène alisita, akaniuliza mimi, mkubwa wa nyumba. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimechoka na ile sahani, Willy. Nilifikiri, acha azike kitu, hata kama ni kiazi, alie, yaishe.

Tukakizika kwenye makaburi ya kando ya mji, na msalaba wenye jina la Osée. Wanaume walichimba shimo la goti tu, kwani hakuna aliyetaka kuchimbia kiazi shimo la mtu. Tukakaa matanga siku tatu, ndiyo yale niliyokuambia kwa simu, na weye ukatutumia picha yako umevaa nyeusi. Sikukuambia tulizika nini. Unisamehe. Mama alilia kilio cha miaka miwili, kisha akalala, akaamka na kuomba apikiwe sombe. Sahani ya Osée ikarudi kabatini. Nilimshukuru Mungu mpaka nikaona aibu.

Wiki tatu zilizopita Mama alirudi kutoka makaburini akiimba. Nilikwenda mwenyewe kuangalia. Chini ya msalaba kulikuwa na kitu kimetoka, kama kidole kimenyooka, na ngozi ya madoadoa. Mwalimu Hubert alinieleza kwamba kiazi hakikufa. Ua linatangulia, jani linafuata, na jani hilo linaweza kumpita mtoto wa miaka kumi.

Nilirudi asubuhi na kisu cha jikoni nikalikata. Nikajiona kama ninamkata Osée mwenyewe. Mama alipolikuta limekatwa hakulia. Alisema kuna watu hawataki Osée atoke. Baada ya siku tisa likatoka jingine, nikalikata pia. Juzi limetoka la tatu, nene kuliko yote, na Mama ameamua kwenda kulala kando yake ili alilinde. Makaburi yale unayajua yaliko. Jioni risasi zinasikika upande ule, na hata wenye pikipiki hawapeleki mtu huko baada ya saa kumi. Jana nilifunga mlango kwa ufunguo, na aliniangalia kama mwizi.

Hubert anasema nikifukue chote, libaki shimo. Nikifanya hivyo, nitakuwa nimemwua Osée mbele ya macho ya Mama. Nikikiacha, nitampoteza Mama pale barabarani. Weye ndiye kitinda mimba wake, anakusikiliza kuliko sisi wote. Njoo, Willy. Usiseme likizo. Kama huwezi, mpigie na umwambie weye mwenyewe kwamba ndani ya lile kaburi hakuna mtu. Mimi nimejaribu, mdomo unakataa.

Baba mdogo Eugène anakusalimu, na Kavira, na watoto wangu wote wanaouliza theluji ina ladha gani. Umbusu Ornella. Mungu awafunike huko mliko, na atufunike nasi huku, maana tunahitaji blanketi kubwa zaidi.

Mama ameingia sasa hivi na kuuliza ninamwandikia nani. Nimemwambia ni weye. Amefurahi, amevuta kiti, amesema nikuandikie maneno yake kama yalivyo: "Umwambie Willy avue ile nguo ya matanga. Mukubwa wake iko anatoka."

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja,

Agathe