Matambara Nyuma ya Ghala

Mama,

Nakuandikia nikiwa mtaa wa Tuwan hapa Kitale, kwenye kibanda changu cha mitumba, na bado sijui nimwamini nani.

Siku ya kunyoa nywele baada ya kukuzika, wazee waliuliza kama ilivyo desturi: nani ana neno juu ya kifo hiki? Shangazi akasimama, akamkazia macho Mama Mdogo, mke mwenzako. "Mwenye alikuwa anapikia mgonjwa ako na afya sana, bana. Si mnaona?" Hakuna aliyemtetea, hata Baba. Mimi niliamini papo hapo. Nilitaka mtu wa kulaumu, na yeye alikuwa karibu.

Basi nikaanza kumchunguza. Kila nikija nyumbani Misikhu natazama sufuria zake, nasikiliza anavyofunga mlango. Wiki iliyopita nilimwona asubuhi akichoma kitu nyuma ya ghala la mahindi. Nikasema leo nimemshika. Alipokwenda kuteka maji, nikafukua majivu kwa kijiti.

Yalikuwa matambara. Yaliyokuwa hayajaungua yalikuwa na damu, na harufu yake, Mama... ile harufu naijua. Ndiyo niliyokuwa nafua kwenye shuka zako.

Alinikuta pale pale. Akatua ndoo, akasema, "Nikisema mimi ni mgonjwa, watasema uchawi imenirudia."

Nilirudi Kitale nikaenda kliniki uliyopimwa, kuuliza ugonjwa wako ulitoka wapi. Nesi akanirushia maswali: mama aliolewa akiwa na umri gani? Alizaa wangapi? Alikuwa anavuta sigara? Nikakasirika. Niliona anakutafutia makosa, wewe uliyetolewa darasa la saba ukaolewa, ukazaa saba bila kupumzika. Kuhusu sigara nilidanganya. Nilikukumbuka ukinituma dukani, "Sema ni za baba yako," halafu unavutia jikoni, unapeperusha moshi kwa leso huku unacheka.

Nesi alisema hatafuti makosa. Saratani ya mlango wa kizazi huanzia kwa kirusi kinachopitishwa kitandani. Wengi hukipata na mwili ukakifukuza. Kwa wengine kinakaa miaka mingi kimya. Kuanza mapema, kuzaa sana, sigara, hayo yote hukipa nafasi. Nikamuuliza nani alikuletea. Akasema hakuna kipimo cha kujibu hilo, na mwanamume anaweza kukibeba bila kujua.

Sasa nikimwona Baba akipiga pasi shati, namtazama mpaka atoke. Kila Jumamosi yuko mji wa Kwanza, ati anauza mahindi. Mahindi gani, Mama, na hatujavuna? Nasikia kuna msichana huko, ametoka shule juzi tu. Sina ushahidi. Hata kwa Mama Mdogo sikuwa nao, nikamhukumu. Lakini Baba nitaendelea kumtazama.

Mama Mdogo alikataa kupimwa. Nilimbembeleza, nikamwambia ugonjwa huu ukiwahiwa unatibika. Akaniangalia kama mtu anayetegewa mtego. "Na wewe, ushapimwa?"

Sijapimwa. Nimezaa wanne, nimekuuguza mpaka mwisho, na sijawahi kulala kwenye kile kitanda cha kupimia. Naogopa, Mama. Naogopa kuambiwa ulichoambiwa.

Nilipomwambia hivyo akakubali, Jumatatu tunakwenda pamoja. Nakuahidi nitapanda mimi kwanza, yeye akiwa amenishika mkono, ndipo apande yeye. Na Shangazi akisimama tena mbele ya watu, na mimi nitasimama, niutaje ugonjwa wako kwa jina lake, kila mtu asikie. Wadogo zangu watapimwa wote. Yule msichana wa Kwanza pia nitamtafuta nizungumze naye, Baba akasirike akitaka.

Lala salama, mama yangu. Baba akituuliza tunaenda wapi Jumatatu, tutamwambia sokoni. Kudanganya kidogo ulinifunza mwenyewe.

Binti yako,
Nasimiyu