Kadi Kwenye Fundo la Leso Yangu

Manyatta,
Kisumu.
14 Septemba 2025

Mpendwa mjukuu wangu Becky,

Mulembe, mwana wa mwanangu. Hujambo huko Leicester? Mgongo umepona? Ulisema wazee unaowahudumia ni wazito. Mwinueni mmoja mkiwa wawili, usijifanye trekta. Na unakula? Huyo Kageha unayeishi naye asikudanganye kwamba chai na mkate ni chakula cha jioni. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto, na usingizi. Usingizi umenihama kabisa. Soma tu, utajua kwa nini.

Anayeandika ni jirani yetu Metrine, yule wa ambulensi, maana mkono wangu unajua jembe na sufuria, kalamu haujui. Nimemwapisha aandike kila neno ninalosema, hata yanayomhusu yeye. Yeye amekaa. Mimi siwezi kukaa, nasema huku natembea kati ya mlango na jiko, na ameshanung'unika mara mbili kwamba namzungusha kichwa.

Kwenye simu nikianza jambo hili wewe unalia, mtandao unakatika, nami napata sababu ya kunyamaza. Karatasi haikatiki. Mama Prerna wa Milimani, niliyemfulia nguo miaka ile yote, anakuja huko kwa dada yake. Atakuletea mkononi.

Sasa. Juzi uliniuliza tena kama nimesikia ni nani anayeona kwa macho ya baba yako. Becky, hakuna. Macho ya mwanangu Wakhungu hayakutolewa. Tulimzika nayo. Baba yako mdogo Waliaula alipokuambia kwa simu mwezi wa tano kwamba madaktari waliyachukua, alikudanganya. Nami nilikuwa kando yake, nikasikia, nikageuza uso nikachochea moto. Kwa hiyo waongo ni wawili.

Kama umesimama, keti, usome vile ilivyokuwa.

Baba yako alipogongwa na lori pale Kondele, Tom wa steji yao ya bodaboda ndiye alifika wa kwanza. Unajua desturi ya watu wa boda: mwenzao akianguka, kabla hata ya kumshika mkono wanamtoa waleti na simu, kwa sababu wezi wa ajali wana mbio kuliko ambulensi. Tom akavitia ndani ya koti lake. Metrine akafika na wenzake, akapiga magoti, akamfanyia baba yako kila alichofunzwa, na katikati ya kazi akauliza, "Ana kitambulisho? Ana kadi yoyote?" Tom akasema, "Hana kitu, madam." Aliogopa vitu vya rafiki yake visije vikapotelea kwenye gari la watu. Metrine akapapasa mifuko, akapata ufunguo na njugu. Akaandika hivyo kwenye fomu: ufunguo, njugu, kitambulisho hakuna, kadi hakuna.

Baba yako alikufa muda mfupi baada ya kufikishwa hospitalini. Tom akanijia mbio, akanipa waleti kwa mikono miwili, hakuna kilichopungua. Nikaifungua nikaona kikadi chenye picha ya jicho. Nikadhani ni cha kliniki, cha kuonyesha siku ya kurudi. Nikakifunga kwenye pindo la leso, pale ninapofunga vitu nisivyotaka vipotee, nikaenda kumwona mwanangu.

Muuguzi mmoja akanikalisha, akaniuliza kwa upole, "Mama, marehemu aliwahi kusema lolote kuhusu kutoa viungo vyake?" Nikamwambia, mwanangu hajapoa, nawe unauliza viungo, wewe ni muuguzi au mchinjaji? Akaomba radhi akaondoka. Becky, kadi ilikuwa hapa kiunoni. Ilikuwa inanigusa ngozi huku nikimtukana mtoto wa watu.

Fundo tulilifungua siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, tulipotandika vitu vyake mbele ya ukoo. Waliaula akaisoma kadi, akaisoma tena. Nikamwambia asome kwa sauti. Ndipo nikajua kwamba wewe na baba yako siku moja mliandikisha macho yenu wapewe vipofu mkifa, kwenye hema la madaktari kule Pap Onditi, kabla hujasafiri, mlipompeleka yule fundi cherehani mwenye jicho jeupe. Baba yako alikuwa amelala kaburini siku tatu. Metrine anasema macho hayangoji hata siku moja.

Waliaula akasema, "Mtoto yuko mbali, mwacheni na faraja yake." Faraja gani ya kuazima? Kila ukiniuliza, nasikia fundo lile linanikaza.

Usimlaumu Tom. Nilipomwambia, alivua helmeti pale mlangoni, akashindwa kuirudisha kichwani. Akaniita nyanya kwa Kijaluo, akasema, "Dani, mimi ndiye nilimficha." Nikamwambia tulimficha wawili, ingia ule.

Lakini huzuni ikikaa bure inaoza. Nikamshika Metrine mkono, tukaenda steji. Vijana wakazima pikipiki. Nikawaambia, nyinyi ni watoto wazuri, na kwa uzuri wenu na ujinga wangu kuna mtu amebaki gizani. Mwenzenu akianguka, lindeni waleti, sawa, lakini mtu wa ambulensi akifika mpeni mbele ya mashahidi. Yeye ndiye wa kutafuta kadi na kuwaambia madaktari. Nyinyi mkificha, mnaficha neno la mtu.

Kuna mmoja mwenye mdomo, anaitwa Wanyonyi. Akasema, "Sasa Kukhu, wakiona kadi si wataniacha nife wapate vipuri?" Wakacheka wote. Metrine akamuuliza, "Vipuri gani, Wanyonyi? Hilo ini la mnywa chang'aa?" Wakacheka zaidi. Kisha akasema bila kucheka, "Kazi yangu mimi ni upumue. Kadi naikabidhi mlangoni hospitalini. Na daktari anayekutibu siye anayetoa macho." Wanyonyi akajibu kwamba macho yake ataenda nayo kaburini, kuna mtu huko mbinguni anayemdai maelezo, lazima amtazame usoni.

Wiki mbili baadaye gari dogo likamwangusha huyo huyo Wanyonyi njia ya Mamboleo. Tom alikuwepo. Akatoa waleti, akaiinua juu watu waone, na Metrine alipofika akamwekea mkononi. Ndani mlikuwa na kadi mpya. Alijiandikisha kimyakimya, hata mkewe hakujua. Metrine akaitia mfukoni, akapigania pumzi ya mtu yule kutoka barabarani mpaka mlango wa hospitali, ndipo akaitoa, akaikabidhi pamoja na fomu. Hapa ameacha kuandika, anasema ni kujisifu. Nimemwambia andika, uliapa.

Wanyonyi hakufa. Amevunjika paja, yuko nyumbani analalamika kwamba mboga ya omena aliyopika mkewe haina nyanya, na macho yake anayo yote mawili. Tangu siku hiyo sijasikia mtu pale steji akitaja vipuri.

Nami nimejiandikisha. Nilitia kidole gumba. Nilimuuliza daktari kama macho ya mzee yanafaa, akasema yanafaa. Nikamwambia haya yameona mengi, atakayepewa avumilie. Kadi yangu haiko kwenye fundo. Nimeshonewa mfuko mbele ya sweta, mahali ambapo hata mlevi ataiona.

Ila Metrine anasema kadi peke yake haimalizi maneno, hospitali bado itamuuliza jamaa. Nimetaja jina lako na nambari yako. Sikumtaja Waliaula, Waliaula atamtafutia kila mtu faraja mpaka saa zipite.

Kadi ya baba yako iko humu kwenye bahasha. Ina mkunjo wa fundo langu. Usiunyooshe. Nikasirikie kadiri unavyotaka, una haki, lakini ukimaliza kukasirika nipigie, hata kama ni kunikemea tu, nisikie sauti yako.

Waliaula anakusalimu; anajua naandika na hajafurahi. Tom anakusalimu, anaogopa kutaja jina lake kwako, nami nimelitaja. Mke wa Wanyonyi anakusalimu. Msalimie Kageha, mwambie apike ugali. Mungu aliyekuvusha maji hayo yote akulinde mgongo, akupe watu wa kucheka nao, akurudishe nikiwa bado nakutambua kwa mwendo.

Na siku ile simu ya hospitali ikilia, mjukuu wangu, usianze kwa kulia. Sema ndiyo kwanza. Machozi yatakungoja, macho hayangoji.

Mimi nikupendaye, hata ukiwa umenuna,
Kukhu wako Nabututu