Barua ya Mwalimu Njeri

Alhamisi. Baridi ya Julai. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi na hayajadondosha hata tone.

Nimerudi sasa hivi kutoka Uthiru, viatu vyangu vimejaa vumbi. Sijala. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia, na nikinyamaza nitaanza kujidanganya.

Mimi ni karani wa Mzee Gitau, mwenye jengo la ghorofa nne hapa katikati ya mji. Chini kuna njia pana yenye paa, maduka pande zote mbili, na watu huipita wakitoka barabara moja kwenda nyingine. Ghorofa ya tatu kuna kampuni ya kigeni ambayo watu husema inauza vipuri vya ndege zinazopiga mabomu Vietnam. Kama ni kweli sijui. Mimi huwapelekea barua zao tu.

Jumatatu saa saba mchana Mwalimu Njeri alikuja na wenzake wanne, wakasimama pale chini na kitambaa cheupe kilichoandikwa KOMESHENI VITA. Hawakuimba, hawakupiga kelele. Saa nane wakakikunja wakaenda zao. Jumanne vivyo hivyo. Mwalimu Njeri namjua vizuri. Ndiye aliyenifundisha kupiga taipu katika masomo ya jioni, na bila yeye kazi hii nisingeipata.

Jana Mzee Gitau alishuka mwenyewe.

"Mwalimu, hapa ni kwangu," alisema mbele ya watu wote. "Kama unataka maandamano, enda barabarani."

"Barabarani lazima kibali, na kibali tumenyimwa," Mwalimu alimjibu. "Na hapa, Mzee, watu wanapita siku nzima. Umewawekea mpaka mabenchi. Wakinunua, ni njia ya kila mtu. Wakisema neno, imekuwa sebule yako?"

Watu wakacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo.

Bwana Athmani, muuza vitambaa aliyetoka Mombasa kama mimi, akasema mlango wake haujazibwa na mtu, waachwe wasimame. Mwenye studio ya picha akamwuliza: yeye akifungwa kwa sababu ya vita vya watu wengine, Athmani atamlishia watoto? Wakatupiana maneno hadi wateja wakaanza kuondoka. Mzee alipanda ngazi, akafunga mlango wa chumba chake, nikamsikia akipiga simu.

Leo saa nne wanaume wawili waliingia ofisini. Makoti safi, salamu nzuri.

"Habari yako, Bi Zuhura," mmoja alinisalimu. Sikuwa nimemwambia jina langu.

Mzee aliwakaribisha huku akipangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

"Hawa watu wamewahi kukuandikia chochote?" yule mkubwa wao aliuliza.

Mzee akasema hakumbuki.

Mimi nikakumbuka.

Wiki mbili zilizopita Mwalimu alimwandikia Mzee barua ya heshima, akiomba ruhusa ya kusimama saa moja kila mchana, kimya, bila kumzuia mtu. Kwa kuwa hana sanduku la posta, aliandika nyumba anayokaa, Uthiru, nyuma ya kanisa, ili ajibiwe kwa mkono. Mzee aliisoma akaniambia niiweke kwenye faili. Hakujibu.

Leo nikaitoa. Hakuna aliyenilazimisha. Niliwaza, wakiisoma wataona huyu ni mtu wa adabu, kwamba aliomba kwanza.

Yule mtu hakuisoma. Alitoa kalamu, akanakili mahali Mwalimu anapokaa, akanirudishia barua.

"Ahsante, dada. Umetusaidia sana."

Walipotoka Mzee alinigeukia. "Mimi nilitaka watoke tu kwa nyumba yangu," aliniambia. "Watoke tu. Si ndivyo nilisema kwa simu?" Aliniuliza kama vile mimi ndiye niliyeipokea.

Saa saba, njia ilikuwa tupu. Hakuja hata mmoja kati ya wale watano. Bwana Athmani akapanda kuniuliza, "Mwanangu, wenzetu wamekwenda wapi?" Nikamwambia sijui. Sikuweza kumtazama usoni.

Saa tisa niliaga kwamba naumwa, nikapanda basi la Uthiru.

Mlango wa Mwalimu ulikuwa na kufuli. Nguo zake zilikuwa bado kwenye kamba. Jirani yake, mama mmoja mtu mzima, alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe.

"Wamemchukua saa sita," alisema. "Wanaume wawili, na gari. Hawakumpiga, hapana. Walimwambia abebe sweta, ati huko kuna baridi."

"Huko wapi, mama?"

"Hawakusema." Akanitazama vizuri. "Na wewe ni nani yake?"

Nikasema ni mwanafunzi wake. Tukaanua nguo pamoja, zilikuwa bado mbichi, akaziingiza kwake.

Nimekata shauri. Kesho asubuhi, kabla hajavua koti, nitamwambia Mzee Gitau twende polisi. Yeye ndiye mlalamishi, basi aseme halalamiki tena. Akikataa nitakwenda peke yangu na ile barua, niwaambie niliitoa mimi, na waisome mbele yangu ilivyoandikwa.

Nimechukua karatasi niandike vituo vyote vya polisi ninavyovijua kati ya mjini na Uthiru, nijue nianzie wapi. Nilipofika cha nne nikaiweka kalamu chini.

Wale wanaume hawakutuambia kwamba wao ni polisi.

Na sisi, mimi na Mzee, hatukuwauliza.