Upande wa Pili wa Mashine

Garissa, Jumatatu 3 Februari

Mama Mwende,

Nimefungua karakana saa moja. Nimefagia. Nimepaka grisi. Chai nimekunywa nimesimama, maana nikiketi naona kiti chako kitupu.

Tangu tukuzike Mwingi, Novemba, leo ndiyo mara ya kwanza kukunja bati. Ni mahori kumi ya wafugaji wa Sangailu. Visima vyao vinakauka, na Abdullahi wao anataka ngamia wanywe humo kabla ya mfungo.

Hori la kwanza limejikunja kupita kiasi, kama mkeka. Kosa si la mashine. Niliibuni mwenyewe, kwa ekseli za lori lililofia njia ya Liboi, na sikuiwekea kipimo. Mimi nilizungusha mpini, wewe ulikaa upande wa pili ukasema "basi". Kipimo kilikuwa wewe.

Jumatano 5 Februari

Mabati mawili mengine yameharibika. Moja limebaki bapa, jingine limekwenda mshazari. Nimebakiwa na kumi kamili.

Mwende wetu amepiga simu. Anataka niuze mashine kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, nirudi Mwingi, nikae karibu na kaburi lako. Nimemwambia mahori haya yakinishinda, nitauza. Nilisema bila kufikiri. Sasa ni ahadi.

Naogopa.

Ijumaa 7 Februari

Abdullahi alikuja baada ya swala. Mdomo wake unaujua. Akaweka mguu juu ya lile bati bapa.

"Fundi, hii kitu ni hori ama kitanda? Ngamia yangu anataka kunywa, si kulala."

Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho. Kisha akaacha mzaha: yasipokuwa tayari Jumatano, atatafuta fundi mwingine. Ana haki.

Nimeshinda najiuliza ulijuaje wakati wa kusema "basi". Sijui. Miaka kumi na tisa nilitazama mpini na meno ya giaboksi. Wewe nilikupa mgongo. Hilo linauma kuliko mabati.

Jumamosi 8 Februari

Aliyejua ni Halima, muuza chai wa ng'ambo ya barabara. Nilimuuliza kwa aibu.

"Walaal, ndugu yangu, wewe huna macho? Mimi nilikuwa namwona kila siku. Kiwiko anaweka kwa chuma, mkono juu namna hii. Bati ikigusa kiganja, anasema basi."

Mkono wangu ni mrefu kuliko wako. Nimetoa koti lako la kazi sandukuni. Kiwiko cha kushoto kimetoboka. Siku zote nilidhani ni uzee wa nguo.

Nimepima kutoka tundu hilo hadi mwisho wa mkono wa koti, uliokuwa ukikufika kiganjani. Nimekata nondo urefu huo, nikaichomelea pale ulipokuwa ukiweka kiwiko. Nimelia chini ya kinyago cha kuchomelea.

Jumatatu 10 Februari

Mahori saba. Hakuna lililoharibika. Bati likigusa nondo, nasikia kishindo kidogo, naacha kuzungusha.

Ningefurahi. Lakini mashine haikuhitaji wewe tena, na ni mimi niliyeifanya isikuhitaji. Sikula.

Jumatano 12 Februari

Abdullahi amefika na lori, mahori matatu yakiwa yamebaki. Nikamwambia azungushe yeye.

"Wallahi, Fundi, nimekuja mteja, umenifanya punda!"

Akazungusha hata hivyo, huku akitukana mashine kwa Kisomali. Nami nikaenda upande wako. Sikuwa na kazi pale, nondo ilitosha. Nilisimama tu.

Lori limeondoka na mahori yote kumi. Nimempigia Mwende, nikamwambia siuzi. Akauliza kama nimekula. Nimekula.

Ukiwa pale kwako, Mama Mwende, huoni uso wa anayezungusha. Unaona mgongo tu, na shati lililolowa jasho. Kumbe miaka yote hiyo ndivyo ulivyoniona.

Huko uliko unikumbuke, hata kama ni mgongo huo.