Mkate Uliolala Kifudifudi

Odile mwanangu,

Supu ya viazi ipashe moto polepole, isichemke.

Ulipokwisha kutoka leo asubuhi, mgeni wetu Xiomara aliuweka mkate mezani kifudifudi, nami nikamfokea kwamba anatuletea mkosi. Akaniuliza kwa upole, "Bibi, kwani mkate nao una macho?" Mumeo akaangua kicheko: "Mama, leo umekuwa mganga!" Mimi, niliyelelewa na watawa, mkemeaji wa ushirikina!

Mtoto wa watu ameondoka bila kula, na leo chuo kitamuuliza kama atabaki kwetu au atahamia kwingine.

Nikipishana naye njiani, ~~mwambie aombe radhi~~ mwambie ninamwomba radhi.

Ninampelekea kifungua kinywa chuoni kabla hajajibu. Naona nimevaa viatu vya ndani, sibadili. Acha anicheke, mradi arudi.

Mama yako