Nyasi za Kigamboni Kabla ya Eda Kuisha

Jumatatu, 5 Mei

Nyasi za kwetu Kigamboni zimefika kiunoni. Amesema mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa simu, saa tatu kasoro asubuhi. Jirani ameua nyoka wawili mwezi huu na anadai wote wametokea kwetu. Tumepewa mpaka Alhamisi, tarehe 5 Juni. Baada ya hapo suala linakwenda kata. Hakupandisha sauti. Aliongeza tu: "Mzee asingekubali hali hii, dada." Nikasema ni kweli. Nikarudi kwenye habari ya bei ya samaki soko la Feri niliyokuwa naihariri.

Leo ni siku ya mia na moja tangu Baba afariki. Nahesabu kwa sababu ya eda ya Mama. Miezi minne na siku kumi. Itaisha Jumapili, tarehe 1 Juni. Mpaka hapo hatoki nje ya nyumba ya Kariakoo.

Eneo ni eka mbili na nusu. Kibanda cha mapumziko, mikorosho, minazi michache, makaburi ya ukoo upande wa juu. Baba amezikwa huko juu. Yeye ndiye aliyekuwa akivuka kwa pantoni kila Alhamisi kusimamia usafi. Sasa havuki mtu.

Jumatano, 7 Mei

Idi ameamua. Ni mdogo wangu, tumezaliwa wawili tu. Ana duka la vifaa vya simu Kariakoo, mitaa miwili kutoka kwa Mama. Msimamo wake: ama tununue trekta dogo, ama tuuze eneo. Vibarua amewachoka. Wanafyeka leo, baada ya wiki mbili nyasi zimerudi. Masika haya.

Akanionyesha video. Mwanamume amekaa juu ya mashine, anakata uwanja huku anakunywa soda. Nikauliza nani ataendesha.

"Mimi."

"Baiskeli tu ilikushinda, Idi."

"Baiskeli haina magurudumu manne, dada."

Hoja yake ina ukweli.

Sitaki kuuza. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo, si kwa kuwa naumia. Siumii. Hilo nalo naliandika. Tanzia ya Baba niliiandika mwenyewe, maneno arobaini, na mhariri hakugusa hata moja. Siku ya nane nilikuwa kazini.

Jumamosi, 10 Mei

Dukani kwa Mangi, upande wa Gerezani. Ni Mchaga, amekuwa akiuza zana za kilimo tangu nikiwa mwandishi mchanga, na sijawahi kumwita jina lingine. Ana aina mbili. Pawatila, ya magurudumu mawili, unatembea nyuma yake umeshika mikono. Na trekta dogo la kukalia, jekundu, lenye mashine ya kufyekea nyuma. Hili la pili ndilo la Idi. Alilipanda palepale dukani, kati ya majembe na mabomba ya kupulizia dawa. Magoti yalimfika kifuani.

"Mangi, huna kubwa kidogo?"

"Wewe ndiye mrefu, bosi. Trekta halina kosa."

Niliuliza maswali yangu. Linakata hadi kimo gani. Linageuka kwenye nafasi ya upana gani. Vipuri vinapatikana wapi. Likikuta jiwe inakuwaje. Mangi alijibu yote bila kutazama karatasi. La jiwe alijibu: visu vinapinda. La kisiki: visu vinavunjika. Ardhi laini iliyotitia: gurudumu linazama, kwa hiyo lazima ulijue shamba lako kabla hujaliingiza. Nimeandika yote.

Kimahesabu, trekta ni sahihi.

Jumapili, 11 Mei

Tumemweleza Mama. Alikuwa chumbani kwake, nguo nyeupe, tasbihi mkononi. Nje wabeba mizigo wanapiga kelele za kuomba njia, siku zote, hata Jumapili. Chumba cha mbele tumepangisha kuwa stoo ya mabegi. Mama amezoea.

Alimsikiliza Idi mpaka mwisho. Kisha:

"Fyekeni kwa mkono. Mashine isiingie kule."

Idi akauliza sababu.

"Baba yenu alikuwa anajua pa kupita."

Idi akasema makaburi yote yana mawe, yanaonekana, atayazunguka kwa mbali. Mama akaomba maji. Akanywa. Akasema amechoka.

Nje, Idi alikuwa na hasira. Anasema ni uzee na upweke. Nimehoji watu kwa miaka thelathini. Namjua mtu asiye na sababu. Mama anayo. Lakini sikurudi ndani kuuliza.

Alhamisi, 15 Mei

Nimevuka peke yangu, na futi kamba. Geti: linatosha kwa trekta. Nafasi kati ya minazi: inatosha. Makaburi saba upande wa juu, yote yana mawe. La Baba bado udongo wake umeinuka kidogo. Nilisimama hapo dakika mbili. Sikuhisi kitu. Nikaendelea kupima.

Mzee Kondo, kibarua aliyefyeka hapa na Baba kwa miaka kumi na tano, alipita njiani akanikuta. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za Mama. Nikamwambia habari ya trekta. Hakukasirika. Mgongo wake umeshachoka, alisema. Kisha akasema jambo hili. Upande wa chini, kwenye mikorosho mitatu, Baba hakumruhusu mtu kufyeka. Alifyeka mwenyewe, amepiga magoti, kwa mundu.

"Alisema pana nyuki, mwanangu."

"Wewe uliwaona?"

"Miaka kumi na tano. Sijamwona hata mmoja."

Nimekwenda kutazama. Nyasi zimefika kifuani. Huoni ardhi.

Chanzo kimoja. Sitamwambia Idi mpaka nipate cha pili.

Jumanne, 20 Mei

Mangi amepiga. Matrekta mekundu yamebaki mawili, na moja lina mteja kutoka Mkuranga. Anajitolea kutuletea lingine kwa majaribio Jumamosi, na fundi wake juu. Likitufaa tunachukua, lisipotufaa linarudi. Idi alishakubali kabla sijapigiwa simu.

Idi amemtafuta pia mnunuzi wa eneo, kwa tahadhari, anasema. Mtu wa kujenga fremu za maduka. Majaribio yakishindikana Jumamosi, Jumatatu mtu huyo anakwenda kulitazama.

Nimelala vizuri. Nashangaa kwamba nalala vizuri.

Ijumaa, 23 Mei

Nimepita kwa Mama baada ya kazi. Nilikumbuka kitu kwenye ngazi za ofisi. Kila mwaka, mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, Baba na Mama walivuka wawili kwenda kusafisha makaburi. Hawakutuchukua. Walirudi na korosho na madafu, sisi tukagombania madafu. Mwaka huu Shaaban imepita Mama akiwa ndani. Hakwenda mtu.

Nikamuuliza kuhusu nyuki.

Tasbihi ikasimama. "Nani kakwambia nyuki?"

"Mzee Kondo."

Tasbihi ikaendelea. Nikasubiri kama ninavyosubiri watu wa serikali, kimya, daftari limefungwa. Mama ananijua kuliko wao. Akaniuliza kama nimekula.

Sikumwambia majaribio ni kesho. Idi aliniomba nisimwambie. Nilikubali.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi. Trekta limevuka kwa pantoni juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, limefungwa kamba. Abiria walilicheka. Mmoja akamuuliza Idi kama linatumia petroli au majani.

Saa tatu na nusu. Fundi wa Mangi alianza upande wa barabara. Linakata. Mistari sita, imenyooka. Mwenyekiti wa mtaa alikuja, akasimama getini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Saa nne Idi alipanda mwenyewe. Mstari wa kwanza ulipinda kama nyoka. Wa pili ulikuwa afadhali. Alikuwa anacheka kwa sauti. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Januari.

Saa nne na dakika ishirini alielekeza trekta chini, kwenye mikorosho mitatu.

Nilikuwa sina chanzo cha pili. Nilikuwa na nyuki ambao hawapo, Baba amepiga magoti, na tasbihi iliyosimama. Hiyo si habari. Kwenye chumba cha habari ningemrudisha mwandishi akatafute zaidi. Idi alikuwa hajui hata hivyo vichache, kwa sababu nilimficha. Nikampigia Mama.

"Uko wapi?" akauliza.

"Kigamboni. Kwenye mikorosho ya chini."

Akatega sikio. Kisha: "Nini hicho kinanguruma?"

"Trekta, Mama."

"Lizimeni. Mwambie mdogo wako alizime sasa hivi."

Nilikimbia. Nina miaka hamsini na mbili na nilikimbia kwenye nyasi za kifuani nikipunga kitenge. Idi alidhani nimeona nyoka. Akazima.

Nikaweka simu kwa sauti kubwa. Mama alisema maneno machache, kwa utulivu, kama mtu aliyeyapanga zamani. Kati yangu na Idi alizaliwa mtoto wa kike. Baba alimpa jina siku hiyohiyo, Zuhura. Akaishi siku tatu. Yupo hapo. Nyumba ya zamani ilikuwa hapo, kabla haijaanguka, na Mama alitaka mtoto awe karibu na dirisha.

Idi akauliza mbona hawakuweka mawe.

"Baba yenu alisema tukiweka mawe mtauliza."

Nimempita Idi miaka sita. Nimeuliza watu maswali maisha yangu yote. Hilo la miaka sita sikuwahi kuuliza.

Nikamwomba Mama atuelekeze: hatua ngapi kutoka mkorosho upi. Akajaribu. Mkorosho wa mkono wa kulia ukitoka mlangoni. Mlango haupo tena. Akaanza upya.

"Kwa simu siwezi. Miguu yangu ndiyo inapajua."

Idi alibaki amekaa juu ya trekta, injini imezimwa, mikono kwenye usukani. Fundi wa Mangi akaenda kusimama getini bila kuambiwa.

Nilipima. Kutoka ukingo wa mstari wa mwisho hadi mkorosho wa kati: hatua kumi na moja. Hadi wa kulia: hatua sita. Hatukupita juu yake. Nadhani. Siwezi kuthibitisha.

Jumapili, 25 Mei

Idi amekwenda kwa Mama asubuhi. Amekaa chumbani saa mbili. Sijui walisema nini. Alipotoka alinunua maandazi akanipa mawili, akasema tu: "Ungeniambia ya nyuki, dada."

Ndiyo. Ningemwambia.

Yule mnunuzi wa eneo amepigiwa simu asije.

Jumanne, 27 Mei

Mangi ameelezwa. Hakuuliza mengi. Kwao, alisema, kila mmoja amelala kwenye kihamba, shamba la ukoo, na kila mmoja anajulikana yuko mgomba gani. Trekta atalishikilia hadi Jumatano, tarehe 4 Juni. Yule wa Mkuranga ameshachukua lake.

Mwenyekiti wa mtaa hasogezi tarehe. Lakini amesema mistari sita ameiona, na akikuta kazi imeendelea tarehe 5 atafunga suala.

Idi anataka kujua Mama atasemaje kuhusu trekta. Nimemwambia amuulize mwenyewe. Akamuuliza. Jibu la Mama: "Nikishaweka mawe yangu, leteni hata mawili."

Alhamisi, 29 Mei

Nimeota nyasi. Si zaidi ya hapo.

Ofisini wameniomba habari ya uhaba wa maeneo ya kuzikia mjini. Nimeikabidhi kwa mwenzangu. Mara ya kwanza narudisha kazi. Sikutoa sababu, na hawakuuliza.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua ya saa moja asubuhi, kisha jua. Nimenunua mundu kwa Mangi. Ameufunga mpini kwa mpira wa baiskeli ili usiteleze. Mawe Idi ameshayaweka getini Kigamboni, manane, ya ukubwa mmoja. Alivuka jana baada ya kufunga duka.

Mama ameniagiza raba zake za kutembelea, zile nyeusi, zipo chini ya kitanda cha Baba. Nikazitoa. Zilikuwa na udongo mkavu kwenye soli, mwekundu kidogo. Wa Shaaban ya mwaka jana. Nilitaka kuziosha.

"Ziache," Mama akasema.

Nimeziweka mlangoni, pua zimetazama nje.

Kesho eda inaisha. Ndugu watakuja kusoma dua, saa nne. Jumatatu, tarehe 2 Juni, pantoni ya saa moja asubuhi: Mama, Idi, mimi. Mama atatangulia. Mundu nitaubeba mimi. Trekta linavuka Jumanne.